Nguo Aliyoileta Bwana Harusi

Mtaani kwetu ukisikia bibi harusi fulani alipendeza, ujue alipita mikononi mwa shangazi yangu. Ni mdogo wake baba, na duka lake lilikuwa chumba kimoja kirefu nyuma ya soko: vyerehani viwili, meza ya kukatia, pasi nzito isiyopumzika, na pazia kwenye kona kwa ajili ya wateja wa kujaribu nguo. Watu walimwita Pindo. Tangu akiwa mwanafunzi wa ushonaji hakuna aliyemshinda kwa pindo la gauni. Alikuwa akilikunja likalala lenyewe, huoni uzi umeingilia wapi wala umetokea wapi. Jina la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

Lakini kinyozi hajinyoi. Alishona magauni ya wasichana aliosoma nao, akaja akashona ya wadogo zao, na yeye mwenyewe hajavaa hata moja. Baba, ambaye hajawahi kunyimwa usingizi na adabu, alikuwa akimtania kila akija kula kwetu.

"Dada, utawashonea mpaka wajukuu wao."

"Nitawashonea. Na sanda yako nishaikata, bado kipimo cha tumbo tu."

Alikuwa mtu wa namna hiyo. Ulimi mwepesi, mkono mwepesi, kicheko karibu. Nasema hivi mapema kwa sababu waliomfahamu baadaye hawaamini.

Yule mwanamume alikuja dukani na ovaroli lililochanika begani. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majokofu, kwenye mabucha na maduka ya dawa na majumbani, na ndiyo maana watu walimwita Barafu. Mrefu, nadhifu, kucha safi ajabu kwa fundi, na sauti ya chini hata ikabidi usogee ndipo umsikie. Ovaroli likashonwa. Wiki iliyofuata akaleta suruali, kisha mashati, kisha ovaroli lilelile limechanika bega la pili.

"Huyu sasa anajichania makusudi," mama yangu alisema. Mama alikuwa akimsaidia wifi yake kushona vifungo siku za kazi nyingi, kwa hiyo aliona mengi.

Barafu hakuficha kwamba alishawahi kuoa. Mke wake alifariki, alisema, na akainamisha kichwa, na Pindo hakuuliza zaidi. Nani anamchokonoa mjane kidonda? Baada ya miezi michache akaja kwa baba na dada yake mmoja, wakazungumza, mambo yakakubaliwa. Baba alimpenda. Alimtania siku hiyohiyo: "Shemeji, dada yangu ana moto. Angalia usiyeyuke."

Barafu alitabasamu kidogo. "Mimi siyeyuki," alisema.

Tukacheka wote.

Sasa, Pindo alikuwa na kitambaa. Alijinunulia zamani, cheupe, kizito, akakiweka kwenye sanduku chini ya meza ya kukatia, na miaka yote ile hakumkatia mteja hata kipande. Alipomwambia mchumba wake kwamba gauni atajishonea mwenyewe, alisema kama mtu anayetaja jambo lililo wazi, kama kusema kesho kutapambazuka.

"Gauni lipo," Barafu akamjibu.

"Lipo wapi?"

"Nimeshakununulia. Limetoka mbali."

Alilileta kesho yake kwenye mfuko mrefu wa nguo. Lilikuwa zuri, hilo nalo tuseme. Satini nzito, mikono ya lesi, vifungo vidogo mgongoni kama mbegu za papai. Aliomba jambo moja tu: alirekebishe likae mwilini, lakini asibadilishe kitu. Asiongeze lesi, asiguse kola. Na si gauni peke yake. Ukumbi alikuwa ameshauchagua. Keki iwe na maua ya buluu, ngazi tatu. Bibi harusi aingie wimbo fulani ukipigwa, si mwingine. Wapige picha alasiri, kabla jua halijashuka.

"Hongera, wifi," mama alimwambia. "Wengine waume zao hata siku yenyewe walisahau."

Pindo alicheka, lakini kitambaa chake alikirudisha sandukuni taratibu, na mama anasema alimwona akikipapasa kabla ya kufunga.

Siku ya kulirekebisha gauni walikuwa wawili dukani, yeye na mama. Pindo aliligeuza ndani nje, akalilaza mezani, akaanza kufumua mshono wa ubavuni. Mara akaliinamia karibu zaidi. Mama alikuwa katikati ya hadithi ya jirani yetu na mbuzi wake, akaona hasikilizwi.

"Kuna nini?"

"Njoo uone."

Satini haisahau. Ukiitoboa kwa sindano, tundu linabaki hata uzi ukitolewa. Ubavuni mwa gauni lile, pembeni mwa mshono uliokuwepo, kulikuwa na mstari mwingine wa vitundu, na pembeni mwa huo mwingine tena.

"Hili lilishonwa kwa mtu," Pindo alisema. "Halafu likaachiwa kwa mtu mnene zaidi. Halafu likapunguzwa tena."

"Labda ni la mtumba. Kauziwa kwa bei ya jipya, maskini."

"Labda." Alivuta sketi ya gauni mpaka chini. "Na hii lesi ya pindo si ya gauni hili. Imebadilishwa. Ya zamani iliraruka."

"Wifi, mbona unalichunguza kama unatafuta chawa? Mwanamume kakuletea gauni zuri. Ukimwambia ni la mtumba utamvunja moyo."

Pindo alitia uzi kwenye sindano. Alilishona, alilipiga pasi, akalitundika. Lakini usiku ule hakula kwetu, na yeye si mtu wa kukataa chakula.

Harusi nilihudhuria. Nilikuwa darasa la mwisho la shule ya msingi, na ukiniuliza nakumbuka nini, nitakwambia viatu vilivyonibana na soda nilizokunywa. Baba anakumbuka hotuba yake, ambayo kila mwaka inazidi kuwa nzuri. Mama anakumbuka dada yake Barafu.

Huyu dada, yuleyule wa siku ya posa, alikuwa mwanamke mnene, mpole, aliyefika asubuhi kwa basi kutoka mji mwingine. Upande wa bwana harusi ulikuwa na watu wachache sana, wakakaa meza moja na nafasi ikabaki. Aliingia chumba cha kuvalia, akamtazama bibi harusi kuanzia kichwani mpaka chini, akavuta pumzi.

"Safari hii limekukaa," alisema.

"Safari ipi?" mama akauliza.

Yule mwanamke akashtuka, akacheka haraka. "Ah, ulimi tu, wifi yangu. Nimechoka na safari ya basi." Kisha akamkumbatia Pindo, akamkumbatia muda mrefu kuliko kawaida, akatoka bila kumtazama mtu.

Mama na Pindo wakatazamana kwenye kioo. Nje watu walishaanza kupiga vigelegele. Sasa utafanyaje? Ukumbi umejaa, chakula kimeiva, kaka yako ana hotuba mfukoni. Pindo aliniambia miaka baadaye kwamba pale kwenye kiti alikuwa kama mtu aliyepanda basi, basi limeondoka, ndipo anasoma kibao cha linakokwenda.

Alasiri wakatoka nje kupiga picha. Mpiga picha alitaka wacheke, wakimbie kidogo, mambo ya vijana. Barafu akamsogeza pembeni kwa adabu. Yeye mwenyewe akamshika Pindo kidevu kwa vidole viwili, akakigeuza.

"Kichwa kushoto. Kidogo tena. Hapo." Akarudi kusimama ubavuni mwake. "Usipumue."

Watu walicheka. Bwana harusi mwenye uangalifu kama huyo! Pindo hakupumua. Picha hiyo ipo, nimeiona. Kila mtu ndani yake anacheka, isipokuwa yeye.

Nyumba ya Barafu ilikuwa mwisho wa barabara ya lami, pale inapogeuka changarawe. Vyumba vitatu, paa la zege lililo bapa lenye tangi la maji, na ua mkubwa uliojaa majokofu mabovu. Alikuwa ameyapanga ukutani, meupe, milango yote imetolewa, kama watu wenye midomo wazi. Mengine mazima yalikuwa sebuleni yakisubiri wenyewe kuja kuyachukua, na yalinguruma mchana kutwa, moja likinyamaza jingine linaanza.

Jumapili ya kwanza, baada ya chakula cha mchana, Barafu alifunga mapazia, akamwambia mkewe akae kwenye kochi, akawasha video ya harusi. Wakaitazama yote. Pindo alifurahi, nani hafurahi kujiona? Jumapili ya pili wakaitazama tena. Ya tatu, alipokuwa akiingia ukumbini kwenye video, Barafu akaisimamisha.

"Hapo ulicheka mapema."

"Mapema kuliko nini?"

"Kuliko inavyotakiwa."

Alisema bila hasira. Sikiliza, hilo ndilo lililokuwa gumu. Hakuwahi kumpiga. Hakunywa pombe, hakulala nje, mshahara wake ulifika nyumbani. Alimsindikiza dukani asubuhi na jioni akaja kumchukua. Lakini kila Jumapili mapazia yalifungwa, na kila Jumapili alipata kosa jingine: mkono ulishika maua chini mno, macho yaliangalia upande wa mlango. Baadaye akaanza kumtaka arudie. Simama. Tembea kutoka jikoni. Cheka sasa. Mezani, Pindo akichukua kipande cha pili cha mkate, mkono wa mumewe ulikuja polepole ukakitoa kwenye vidole vyake.

"Gauni, mpenzi," alikuwa akisema. "Kumbuka gauni."

Alijaribu kumwambia baba. Baba alicheka mpaka machozi. "Wenzio waume zao hawakumbuki hata mwaka waliooana! Wewe unaonyeshwa sinema na unalalamika?"

Na kweli, angesema nini? Aende wapi na mashtaka ya kwamba mume wake anaipenda sana siku ya harusi yao? Akanyamaza. Ule ulimi mwepesi ukaenda ukipotea. Alikuja kwetu akakaa mkao mmoja, kichwa kimeinama kushoto kidogo, na alikuwa hajui kwamba amekiinamisha.

Mwaka ulipokaribia kutimia, Barafu alianza kuchomelea vyuma uani. Alitengeneza ngazi, ndefu, nyembamba, ya kupanda paani.

"Ya tangi?" Pindo alimuuliza.

"Ya picha. Mwaka ukitimia utavaa gauni, tutapiga picha juu. Mwanga wa juu ni mzuri."

Siku chache baada ya hapo, mwanamke asiyemfahamu aliingia dukani na sketi iliyoharibika zipu. Alikuwa na miwani na mkoba aliouchukua kifuani kama mtoto. Alisubiri mteja mwingine atoke. Kisha akasema, hata salamu hajamaliza:

"Bado anafunga mapazia Jumapili?"

Pindo aliacha kukanyaga cherehani.

"Wewe ni nani?"

"Nilikuwa mke wake. Kabla yako." Akaona uso wa Pindo. "Hakukwambia. Kwako alisema mke mmoja, marehemu. Kwangu pia alisema hivyo. Huyo wa kwanza kweli alifariki. Mimi ni wa pili, mimi nilitoroka."

Alikaa kwenye kibao cha wateja akaeleza yote, sauti chini, macho mlangoni. Gauni lilikuwa la yule wa kwanza. Harusi ile, ukumbi ule, maua ya buluu, wimbo, vyote vilikuwa vyake. Walipotimiza mwaka alimvalisha gauni akampandisha paani kumpiga picha, na yule mwanamke akaanguka.

"Alikanyaga pindo," yule mwenye miwani alisema. "Ndivyo alivyosema Barafu, na hakukuwa na mtu mwingine wa kusema vingine. Lesi iliraruka. Mimi aliponiletea gauni lilikuwa tayari na lesi mpya. Nilikaa naye nikidhani ni huzuni, itapoa. Siku alipoanza kuchomelea ngazi, nikaondoka na nguo nilizovaa. Nimesikia kaoa tena. Nimejizuia kuja mara nyingi, nikijiambia hayanihusu. Basi nimekuja."

Zipu ilibadilishwa. Pindo alisema mikono ilijifanyia kazi yenyewe. Yule mwanamke alipoondoka, alimpigia simu dada yake Barafu, yule mnene wa safari ya basi. Hakuzunguka.

"Wifi, kaka yako alioa mara ngapi kabla yangu?"

Akasikia vyombo vikiwekwa chini upande wa pili. Kisha yule dada akauliza, taratibu sana:

"Ngazi ameshaiweka?"

Pindo akasema ndiyo.

"Ondoka, wifi yangu. Kaka yangu si muuaji, sitaki umfikirie hivyo. Ni mtu anayetaka siku moja irudi, na ikikataa kurudi... sijui. Mimi sijui. Ondoka."

Safari hii baba hakucheka. Alienda na gari la mizigo la rafiki yake, asubuhi kweupe, na mama akiwa amekaa mbele. Barafu alikuwa uani, miwani ya kuchomelea imepandishwa kwenye paji la uso. Alitazama cherehani cha nyumbani kikitolewa, sanduku, godoro la Pindo la usichana. Hakuuliza sababu. Hakuinua sauti.

"Gauni umeliacha?" ndilo swali lake pekee.

"Liko kabatini."

"Vizuri."

Akashusha miwani, akaendelea kuchomelea. Cheche zilikuwa zikiruka mpaka kwenye yale majokofu. Baba, mtu wa utani, alipofika nyumbani aliketi kwenye ngazi ya mlango akavua viatu na kuvitazama tu.

Ndoa ikavunjwa kwa sheria. Pindo akahamia chumba cha nyuma kwetu, akarudi dukani. Kidogo kidogo shingo yake ikanyooka. Lakini lile neno, vizuri, halikumtoka. Siku moja alikuwa akikata kitambaa, akasimama na mkasi mkononi.

"Ningelichana lile gauni."

"Angeshona jingine," mama akasema.

"Huyo hatashona jingine. Wewe hujamwelewa."

Haukupita mwaka tukasikia Barafu anaoa. Msichana alikuwa muuzaji wa duka la dawa, mojawapo ya yale aliyokuwa akitengeneza majokofu yake. Pindo alivaa nguo zake nzuri, akaenda kwao mchana, peke yake. Mama wa msichana, mwoka mikate aliyekuwa na unga hata kwenye nyusi, alimkaribisha chai. Alipojitambulisha, chai ikapoa.

"Mke aliyeachika," mama yule alisema, "haleti habari njema nyumba ya harusi."

"Mimi ndiye niliyemwacha, mama. Sikuja kugombea. Nimekuja kusema mambo matatu, kisha nitaondoka."

Akasema habari ya gauni, ya video, ya ngazi. Msichana mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza, mzuri, mchangamfu, kama vile Pindo alivyokuwa. Akacheka.

"Shangazi, mimi ananipenda mpaka kaninunulia gauni kutoka mbali."

"Umeligeuza ndani nje?"

"La nini?"

"Tazama mishono ya ubavuni. Hesabu tundu za watu waliokutangulia."

Hapo mama yake akasimama, na mgeni naye akaelewa kwamba chai imekwisha. Alipokuwa akitoka getini alisikia wanawake wa ndani wakicheka. Wivu una miguu, mmoja wao alisema, umetembea mpaka huku.

Harusi ikafanyika, ukumbi uleule. Pindo siku hiyo alifungua duka kama kawaida akashona mpaka giza, na hakuna aliyemsemesha.

Sasa niliyoyaona kwa macho yangu. Ilikuwa Jumapili, mwaka baada ya harusi ile, tumemaliza kula, baba amelala kwenye kiti. Mlango ukagongwa kwa ngumi. Alikuwa yule mwoka mikate, jasho linamtoka, kandambili moja imekatika.

"Ile ngazi," alimwambia Pindo. "Siku ile ulisema ngazi. Mwanangu kanipigia simu, anacheka, ananiambia leo wanatimiza mwaka, wanapiga picha juu ya paa. Nikakata simu, nikakaa, ndipo nikakumbuka."

Shangazi hakungoja kuvaa viatu vizuri. Baba akaamka, akagonga kwa jirani mwenye gari, tukaingia wote, na mimi nikajipenyeza bila kuombwa. Njiani yule mama alikuwa akisema mfululizo, anamwomba Mungu na kumwomba dereva kwa pumzi ileile.

Geti lilikuwa wazi. Jua lilikuwa limeelemea magharibi, ua wote rangi ya asali, na majokofu yamepangwa ukutani. Msichana alikuwa amesimama ukingoni kabisa mwa paa, ndani ya gauni, kichwa kushoto, maua mikononi. Visigino vyake vilikuwa mwisho wa zege. Barafu alikuwa hukohuko juu, mbele yake, na kamera jichoni.

"Rudi nyuma kidogo," tulimsikia akisema, kwa ile sauti yake ya chini. "Kidogo tena. Usipumue."

Mama wa msichana alifungua mdomo apige kelele. Shangazi akauziba kwa kiganja chake, kwa nguvu hata yule mama akayumba. Mtu akishtuka hurudi nyuma. Yule msichana hakuwa na nyuma ya kurudi. Kisha shangazi akapiga hatua mbili uani, akaita kwa sauti ya dukani kabisa, sauti anayowaitia wateja walioko nyuma ya pazia:

"Bibi harusi! Pindo limefumuka hapo nyuma. Kaa chini mwanangu, nikushonee, litakuharibia picha."

Msichana akainamisha macho. Sijui kama aliona chochote. Lakini akiwa ndani ya gauni hakuna bibi harusi asiyemsikiliza fundi. Akainama, akajikusanya, akaketi palepale kwenye zege, miguu kwa ndani.

Shangazi alipanda ile ngazi nyembamba peku. Alipita kando ya Barafu bila kumgusa, akapiga magoti, akakusanya gauni lote kwenye ngumi yake, satini na lesi, akalibana kiunoni mwa msichana kama unavyobana mdomo wa gunia. Kisha akamshusha, uso ukiangalia ngazi, yeye akitangulia chini na kumwekea mguu mmoja mmoja kwenye chuma kwa mkono wake. "Huo. Sasa huo mwingine. Usitazame chini, tazama chuma kilicho mbele yako." Msichana alipofika kwa mama yake ndipo akageuka kutazama pale alipokuwa amesimama, akaketi chini.

Barafu alikuwa bado juu. Kamera ilikuwa imening'inia kifuani. Hakuwa na hasira, naapa, nilimtazama vizuri. Alikuwa na uso wa mtu aliyechelewa gari.

"Mmeharibu mwanga," alisema.

Hakushtakiwa. Tulienda kituoni, maelezo yakachukuliwa, na yule ofisa mwenyewe akauliza kwa upole: kosa ni lipi? Mume kumpiga picha mkewe? Msichana alirudi kwao, na gauni mama yake alilichoma uani mchana kweupe, akalichochea kwa koleo la tanuri mpaka vifungo vikayeyuka. Sasa yule msichana ana kazi mji mwingine. Yeye na shangazi huandikiana, lakini harusini hawajawahi kukutana. Wote wawili hawaendi.

Isipokuwa harusi yangu: shangazi alinishonea gauni. Alinipima, akanikatia, akalimaliza, na siku yenyewe akaja akaketi karibu na mlango. Mpiga picha alipotupanga, shangazi alisimama ghafla akasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Pumueni!" Wageni wakadhani ni utani, wakacheka. Baba hakucheka. Nilimuuliza shangazi baadaye kama bado anaiona siku ya harusi kuwa kitu kizuri. Alifikiri, akasema, "Ni mlango, mwanangu. Mlango mzuri, upambe uwezavyo. Ila ukimwona mtu anataka kuishi mlangoni, usiingie."

Barafu aliendelea kuishi palepale miaka kadhaa. Tulikuwa tukikutana naye sokoni na sanduku lake la vifaa, nadhifu, anasalimia. "Hujambo, Pindo." "Sijambo." Na kila mtu anashika njia yake. Mwaka jana nyumba ikafungwa, majokofu yakauzwa kama vyuma chakavu, na yeye hakuna aliyejua alikoelekea.

Shangazi alimpigia simu yule dada wa Barafu. Nilikuwa nimekaa karibu, simu iko mezani, nikasikia yote. Yule mwanamke, sasa mzee, alisema hajui mji wala mtaa, kaka yake alimuaga kwa maneno machache tu.

"Alihama peke yake?" shangazi akauliza.

"Ndiyo," akasema. "Kwa sasa."